Marahaba Si Ndiyo

Tangu nilipofika umri wa kuamkiwa, sijapata kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Nina hasira, nitaijibu. Nina homa, nitaijibu. Aliyesema shikamoo mbele yangu atapata marahaba yake, hata kama baada ya hapo nitamtia maneno mpaka ajute kuzaliwa. Ndivyo nilivyolelewa Unguja, Mchangani, na ndivyo nilivyoishi hapa Dubai, Al Muraqqabat, ghorofa ya tatu, kwa miaka ishirini na sita. Basi nisikilizeni adabu hiyo hiyo ilivyotaka kunitoa nyumbani kwangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwanzo wa mwezi wa tano. Nimeshasaga mchele wa vitumbua, kikaango kiko motoni, mlango unagongwa. Kufungua, namwona mwanamume na mkewe, siwajui, na nyuma yao Nabil, karani wa ofisi ya mwenye jengo, kashika futi ya kupimia.

"Shikamoo, mama," akasema Nabil.

"Marahaba. Hawa nani?"

Kabla hajajibu, yule mwanamke kashaingiza kichwa mpaka jikoni kwangu, anamuuliza mumewe kwa Kiarabu, "Friji letu litaenea hapa?"

Ala! Friji lao lienee jikoni kwangu, na mie niko wapi? Kiarabu nakijua, nimekila na kukilalia miaka yote hii, kwa hiyo nikamjibu kwa lugha yake kwamba friji lake likiingia humu litanikuta nimekaa juu ya langu. Maskini, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakuwa na kosa, naye kaletwa tu.

"Mama, hawa ndio wapangaji wapya," Nabil akasema, macho yako sakafuni. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nani na nani?"

"Mwezi wa pili. Nilikutumia ujumbe wa sauti. Ukajibu marhaba."

Nikamwambia atoke na wageni wake, na futi yake, nikafunga mlango. Vitumbua vya mkupuo ule viliungua vyote.

Nabil huyu si mgeni kwangu. Ni Mwarabu wa mji wa Halab, ana miaka thelathini na kitu, na alipoanza kazi kwenye jengo letu alikuwa akinipita ngazini na "halo, madam" yake. Siku moja nikamsimamisha. Nikamwambia, sikiliza baba, mimi si madam wako, mie mama mtu mzima, na kwetu mkubwa huamkiwa. Sema shikamoo. Akasema "shiku-mu". Tulirudia mpaka ulimi ukanyooka, nikampa vitumbua vitatu vya moto kwenye karatasi. Tangu siku hiyo hakuna ujumbe wake usioanza na shikamoo. Lifti imeharibika: shikamoo, mama. Maji yatakatwa kesho: shikamoo, mama. Nami nashika simu kwa kidole kimoja, mikono ina unga, najibu kwanza marahaba, ndipo nasikiliza lililobaki. Mtu akishakuamkia humwachi ananing'inia.

Na siku ile ya mwezi wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Nilijibu marahaba, kisha nikausikiliza ujumbe mpaka mwisho. Alikuwa akisema kwa Kiarabu kwamba ofisi inaitaka nyumba mkataba ukiisha, na inatumai nimekubali. Nikampigia papo hapo, moto! Akanambia, "Usijali, mama, maneno ya ofisi tu hayo, wanawaambia watu wote." Nikamwamini, nikarudi kwenye kikaango changu. Mazungumzo ya simu yakaenda na upepo, ikabaki kwenye rekodi marahaba yangu peke yake.

Sasa mtaniuliza, nyumba ni nyumba, mji umejaa nyumba, ya nini kelele zote? Ya Shadia. Shadia ni mdogo wangu, toka nitoke. Presha ya macho ilimpofua miaka kumi iliyopita, na mwaka ule wa kwanza alikuwa halali, analia, anajigonga kila mahali. Kidogo kidogo akaanza kuihesabu nyumba. Hatua saba toka kitandani mpaka mlangoni. Kumi na moja mpaka jikoni. Kwenye kona ya ukumbi ukuta una ufa, anaugusa kwa kidole cha shahada, anajua hapo ndipo pa kukunja kwenda msalani. Leo anajichemshia chai, anapanga sahani, anaanua nguo barazani, na asiyemjua anaweza kukaa naye saa nzima asigundue. Shadia haoni kokote duniani isipokuwa ndani ya nyumba ile. Ukimtoa mle, unampofua mara ya pili.

Nabil alinipigia jioni yake. "Mama, nitakutafutia mtaa wa International City, nyumba mpya, safi, lifti mbili."

"Ina ufa kwenye kona ya ukumbi?"

"Hapana, mama, mpya kabisa!"

"Basi haitufai," nikamkatia simu.

Shadia alikuwa kasikia yote. Ana masikio huyu! "Masuda," akanambia, "mwenye nguvu mpishe. Tutazoea."

"Nimpishe nisimame wapi? Juu ya lami?"

"Nitahesabu upya."

Aliposema vile nilitaka kulia, lakini machozi yakagoma, ikaja ghadhabu badala yake. Nilikuwa na ghadhabu na mwenye jengo, nisiyemjua hata sura, na Nabil, na nafsi yangu pia kwa mdomo wangu mwepesi. Nikatoka kama nilivyo, mtandio shingoni, nikaenda kumgongea Mwanatumu.

Mwanatumu anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na wenziwe watatu. Binti wa Mombasa, Kibokoni, yuko mapokezi kwenye hoteli moja Al Barsha. Kiswahili chake na changu hutaniana kila siku. Mie husema hakijaiva, yeye husema changu kimeungua. Alikuwa ndiyo kwanza karudi toka kazini, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama. Kwani kuna nini? Mbona hivyo?"

"Marahaba, na neno hilo hilo ndilo lililonimaliza."

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mamangu, kaa hapo. Contract ina jina la nani?"

"Langu. Mume wangu Musab alipofariki, waliandika langu."

"Iko Ejari?" Ejari ndiko mikataba ya nyumba inakosajiliwa serikalini.

"Iko, kila mwaka naisajili."

"Basi wewe uko na nguvu, hata hujijui! Mimi nilitupiwa mabegi yangu nje kule International City, saa moja tu, kwa sababu jina langu halikuwa popote. Kitanda nilikuwa nacho, haki sina. Nililia, halafu nikaapa, sheria ya nyumba ya mji huu nitaisoma mpaka niiote." Akafungua simu yake. "Sikiza. Mwenye nyumba akitaka kukutoa mkataba ukiisha, ana sababu nne peke yake. Anataka kuiuza. Anataka kukaa yeye mwenyewe ama jamaa yake wa karibu kabisa. Anabomoa. Ama ni ukarabati mkubwa ambao hauwezi kufanywa na mtu ndani. Wale aliowaleta na futi ni jamaa zake?"

"Hata kidogo. Wapangaji tu. Mwezi wa kwanza walitaka kupandisha kodi, kikokotoo cha serikali kikawakatalia."

"Si ndiyo hiyo! Wewe hupandishiki, kwa hivyo utoke aingie mgeni wamtajie bei yao. Na hata kama sababu ingekuwepo, wanatakikana wakupe notisi ya miezi kumi na miwili, kwa notary public ama barua ya rejista. Si voice note, mama. Voice note? Zii!"

"Notary ndiye katib al-adl? Yule mwandishi wa serikali mwenye muhuri?"

"Huyo huyo."

Nikalitafuna neno lile. Kwetu wahenga wamesema akufukuzaye hakwambii toka. Anakununia, anakubania, anakukalisha roho juu mpaka uondoke mwenyewe. Kumbe hapa, akufukuzaye lazima akwambie toka! Akwambie kwa maandishi, kwa sababu, kwa muhuri, mwaka mzima kabla. Miaka ishirini na sita nalipa kodi katika mji huu na sikuwahi kuijua sheria inayonilinda. Nilijiona mjinga, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

"Lakini kuna pahali pabaya," Mwanatumu akasema. "Mkataba unaweza kwisha pande mbili zikikubaliana. Hiyo marahaba yako ndiyo wataishikilia."

Na kweli wakaishikilia. Sikutoka. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, nami nikatundika mapazia mapya makusudi, yaonekane toka barabarani. Wiki ya pili ujumbe ukaingia: nimefunguliwa kesi kwenye kituo cha migogoro ya pango. Kesi! Mie, ambaye hata askari wa barabarani sijapata kubishana naye. Dai lao lilikuwa moja: mpangaji aliridhia kuondoka, kisha akageuka.

Mwanatumu akaja na kompyuta yake, akachukua na simu yangu, akaanza kupekua jumbe za Nabil. Akapekua, akapekua.

"Mama, ziko zote! Miaka mitano! Hujafuta hata moja?"

"Sijui kufuta."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ujinga wako huu utatuokoa." Akazipanga moja moja. Akafika kwenye moja, akaniwekea niisikilize. Nikamwambia, "Hiyo iache. Hiyo ya mtu na msiba wake."

Kesi yenyewe ilisikilizwa kwa video. Nilijipamba kama naenda harusini, wanja na yote, nikaketi kwenye meza yangu ya chakula, Mwanatumu kulia ili anishikie mitambo, Shadia kushoto kanishika mkono chini ya meza. Kwenye kioo alikuwepo hakimu na wenziwe wawili, wakili wa mwenye jengo, na Nabil ndani ya kijidirisha chake, kavaa tai. Tai hiyo sijapata kumwona nayo.

Wakili akaifungulia sauti. "Shikamoo, mama", kisha maelezo yote ya kuhama, kisha sauti yangu, kavu, neno moja: "Marahaba." Akasema, "Mheshimiwa, kwa Waarabu, ukimwomba mtu jambo akasema marhaba, kakupokea kwa moyo mkunjufu. Na mama huyu Kiarabu anakizungumza vizuri kabisa."

Hakimu akanitazama. "Ni kweli, hajjah? Unajua Kiarabu?"

"Nakijua, mheshimiwa. Lakini Nabil hakuanza kwa Kiarabu. Alianza kwa Kiswahili, akasema shikamoo. Hilo ni neno la mdogo kwa mkubwa, na jibu lake ni moja tu duniani, marahaba. Ukilinyima jibu umemtukana aliyekuamkia. Nilimjibu salamu yake. Maneno ya nyumba nilimjibu kwa simu, nikamwambia sitoki."

"Simu hiyo ina ushahidi?"

"Haina."

Wakili akatabasamu. Hakimu akamgeukia Nabil. "Wewe ndiye uliyetuma ujumbe. Neno hili kwao lina maana gani?"

Nikajisemea, sasa atasema kweli, kijana huyu kala kwangu miaka mitano. Nabil akainyoosha tai yake. Akasema, "Mheshimiwa, mimi najua marhaba ya Kiarabu tu. Nilivyofahamu, mama alikubali."

Lo! Nilihisi kama kanipiga kibao mbele ya watu. Shadia akanibana mkono. Nami nikamwambia Mwanatumu, kwa Kiswahili, "Zifungulie. Zote."

Nikamwomba hakimu ruhusa ya kuzifungulia sauti zilizo kwenye simu yangu, za mtu huyo huyo. Akaniruhusu.

"Shikamoo, mama, lifti haifanyi kazi, fundi atakuja Jumapili." Marahaba.

"Shikamoo, mama, kesho maji hayatatoka toka asubuhi." Marahaba.

"Shikamoo, mama, kuna panya kwenye chumba cha takataka, fungeni milango." Marahaba.

Mmoja wa wale wenzake hakimu akafunika mdomo kwa mkono. Nikasema, "Mheshimiwa, kama marahaba ni ndiyo, basi mie nimeridhia lifti iharibike, maji yakatwe, na panya waje." Wakili akasimama kupinga. Hakimu akamwambia asubiri.

"Imebaki moja," nikasema. Mwanatumu akanitazama kama ananiuliza, una hakika? Nikamwitikia kwa kichwa.

Ikatoka sauti ya Nabil, imepasuka, ya miaka mitatu nyuma. "Shikamoo, mama. Baba yangu amekufa Halab. Siwezi kwenda. Sijui nimwambie nani." Na nyuma yake sauti yangu: "Marahaba, mwanangu. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Njoo nyumbani. Njoo sasa hivi, usikae peke yako."

Nabil kwenye kijidirisha chake alikuwa kainamisha kichwa, naona utosi tu.

"Nabil," nikamwita, na Kiarabu changu kilikuwa kinatetemeka. "Siku ile pia nilikujibu marahaba. Niliridhia baba yako afe?"

Hakimu akamkazia macho. Kisha akasema taratibu, "Jibu, bwana Nabil."

"Hapana," akasema Nabil. "Ni jibu la salamu tu, mheshimiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Na siku ile ya mwezi wa pili alinipigia, akakataa."

Wakili akakunja uso. Hakimu akamuuliza wakili swali moja: ipo notisi ya miezi kumi na miwili, kwa katib al-adl au kwa barua ya rejista, na sababu mojawapo ya zile nne? Wakili akaanza, "Mheshimiwa, mteja wangu aliamini kwamba..." Hakimu akarudia: ipo au haipo? Haipo.

Hukumu ilikuja kwa ujumbe baada ya siku tisa. Dai limekataliwa, mkataba unaendelea kwa masharti yale yale. Mwanatumu alinisomea mara tatu, ya nne nikamwomba amsomee Shadia polepole. Shadia aliinuka, akaenda mpaka kwenye kona ya ukumbi, akaugusa ule ufa wake, akarudi akaketi. Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mlango ukagongwa. Mafuta yako motoni, mikono ina unga wa mchele. Kufungua, Nabil, hana tai, kashika mkataba mpya wa mwaka mzima, ofisi ilishatia saini kila ukurasa. Kakonda kidogo. Akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, mama."

Nikauchukua mkataba. Nikausoma neno kwa neno, pale pale mlangoni, nimemsimamisha. Jina langu, sawa. Namba ya nyumba, sawa. Kodi ile ile. Yeye kasimama, mimi nasoma, na ile shikamoo yake iko hewani baina yetu, haijashuka. Iliniuma, siwafichi. Ulimi wangu ulikuwa unalitafuta lile neno wenyewe, kwa mazoea.

Shadia akaita toka chumbani, "Masuda! Mtu kakuamkia."

"Nimesikia!"

Nikatia saini, nikabaki na nakala yangu, nikamrudishia yake.

"Marahaba yangu uliipeleka mahakamani bila ruhusa yangu," nikamwambia. "Sasa na hii shikamoo yako, nenda kaiandike. Itie sababu. Ipeleke kwa katib al-adl aipige muhuri. Kisha unipe miezi kumi na miwili, ndipo nitakujibu."

Nikafunga mlango. Ndani, Shadia alikuwa anacheka, anakuja jikoni huku anahesabu, na kicheko kikamfanya akose hesabu kwenye hatua ya tisa, akanyoosha kidole, akaukuta ukuta pale pale alipouacha.